Mwongozo kamili wa nyoka wa baharini, kuanzia Ghuba hadi Okinawa: anaishi wapi, utamjuaje, na ufanye nini akikuuma

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Maji yamekupwa, sisi watoto tuko mwambani tunatafuta pweza, mara tukamwona "nyoka" wa pingili nyeusi na nyeupe akijipenyeza kwenye majani ya bahari. Tulimponda kwa mawe mpaka akatulia, tukambeba kwenye ncha ya kijiti hadi kijijini, kila mmoja akigombea kukishika. Mzee mmoja mvuvi akamlaza kiganjani, akatuonyesha pezi jembamba lililopita mgongoni na kitundu cha tamvua nyuma ya kichwa. "Wanangu, huyu samaki," akasema. "Mmeua mkunga."

Aibu ile sijaisahau. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za nyoka wa bahari za Asia, ndipo nikajua kwamba mkunga yule, ambaye wataalamu humwita Myrichthys colubrinus, amevaa nguo za nyoka halisi aitwaye Laticauda colubrina, na kwamba nyoka huyo hayupo kabisa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tungelijua jambo hilo moja tu, kwamba nyoka wa pingili hafiki huku, tusingemrushia mawe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mahali, unafuata mwili, na rangi inakuja mwisho. Watu wengi huanza na rangi, na rangi ndiyo inayowadanganya.

Nimewaandikia mabaharia wetu wanaofanya kazi kwenye meli na boti za Asia, ndugu walioko Omani na Falme za Kiarabu wanaoingia majini siku za mapumziko, wazamiaji wanaokwenda Thailand, Malaysia na Ufilipino, na mvuvi yeyote anayevuta nyavu usiku bila kujua kilichonasa.

Hatua ya 1: Mjue kwanza ni nani

Nyoka wa baharini ni jamaa wa swila na koboko, ukoo mmoja wa nyoka wenye chonge fupi mbele ya mdomo. Wako wa aina mbili, na tofauti yao utaihitaji katika kila hatua inayofuata.

Aina ya kwanza ni wale wanaoishi baharini maisha yao yote. Ni zaidi ya spishi 60, na wengi wao wako katika jenasi moja, Hydrophis. Hawatagi mayai, huzaa watoto hai humo humo majini. Magamba ya tumboni yamepungua mpaka yakawa madogo kama ya ubavuni, ndiyo sababu wengi wao ukiwaweka mchangani hujipindapinda tu bila kwenda popote. Asili yao ni nyoka wa nchi kavu wa upande wa Australia, waliohamia baharini miaka milioni kadhaa iliyopita.

Aina ya pili ni Laticauda, spishi nane hivi. Hawa ni wa pwani na wa bahari kwa pamoja: huwinda mikunga majini, kisha hupanda nchi kavu kupumzika, kujivua gamba, kunywa maji na kutaga mayai. Magamba yao ya tumbo yamebaki mapana, kwa hiyo wanatambaa vizuri, hata kwenye mawe yaliyosimama wima.

Wote wanapumua hewa kama wewe. Pafu lao ni moja, refu, linalofika karibu na mkia, na tundu za pua zina vifuniko vinavyofunga wakizama. Wengine huongeza hewa kupitia ngozi: Hydrophis platurus, yule mweusi wa tumbo la njano, aweza kupata hadi theluthi moja ya oksijeni yake kwa njia hiyo, na amepimwa akikaa chini kwa saa tatu na nusu. Chini ya ulimi wana tezi ya kutoa chumvi. Hata hivyo, na jambo hili lilinishangaza kuliko yote, hawanywi maji ya bahari. Wanakaa na kiu. Mvua kubwa ikinyesha baharini, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kwa muda kama utando, na hapo ndipo nyoka hunywa. Huyo platurus aweza kukaa miezi akikauka mwili akisubiri mvua.

Hatua ya 2: Soma mahali kabla ya kusoma nyoka

Nakuomba usiiruke hatua hii. Ukiwa na ramani ya kina cha bahari, hata ile ya bure kwenye simu, ifungue.

Jiulize maswali manne kwa mpangilio huu. Kina ni kiasi gani? Chini kuna nini: tope, mchanga au matumbawe? Kuna mto unaomwaga karibu? Na maji ni ya joto kiasi gani? Maswali hayo yanatosha kukuondolea zaidi ya nusu ya majina kabla hujamwona nyoka mwenyewe.

Kina kwanza. Nyoka wengi wa aina ya Hydrophis huwinda chini kabisa, kwenye mashimo ya mikunga na samaki wa tope, kisha hupanda juu kupumua. Safari hiyo ina gharama, hivyo wengi hukaa penye maji yasiyozidi meta 100. Ila usiifanye kuwa sheria: karibu na Australia kamera za chini ya bahari ziliwapiga picha nyoka kwenye kina cha meta 245 mwaka 2014 na meta 239 mwaka 2017. Hao wachache hawaibadilishi picha kubwa. Kina kifupi na tope ndiyo nyumba.

Sasa tazama ramani uone ni wapi Asia ina eneo kubwa la namna hiyo. Ni kwenye meza ya Sunda, ile nchi iliyozama kati ya Malaysia, Thailand, Sumatra, Java na Borneo. Ghuba ya Thailand haifiki meta 100 hata penye kina chake kirefu. Wakati wa enzi za barafu usawa wa bahari ulishuka kiasi cha meta 120, meza yote ikawa nchi kavu, na nyoka wakasukumwa kando kando, kundi hili mbali na lile. Bahari iliporudi, makundi hayo yalikutana yakiwa tayari yametofautiana. Hii ni sababu mojawapo ya kuwa na spishi nyingi kiasi hicho katika eneo moja. Mlango wa bahari wa Malacca, Ghuba ya Thailand, Bahari ya Java na sehemu za kusini za Bahari ya China Kusini ndizo kitovu. Kuanzia hapo idadi ya spishi hupungua kadiri unavyokwenda magharibi, kaskazini au mashariki kwenye Pasifiki.

Kwa wenzetu wa Ghuba: kati ya Omani, Falme za Kiarabu na Uajemi kuna spishi zipatazo tisa au kumi. Ghuba ni ya kina kifupi, chini kuna mchanga na tope, na ndani yake wamo Hydrophis lapemoides, H. ornatus (H. ni kifupi cha Hydrophis), H. cyanocinctus, H. curtus, H. spiralis, H. gracilis, H. schistosus na H. viperinus, pamoja na platurus. Laticauda huko hawana makazi. Kwa hiyo nyoka wa pingili utakayemwona ufukweni Dubai au Muscat ni Hydrophis, na kumsogelea si mchezo, hata akionekana amechoka.

Ukishuka pwani ya magharibi ya India, kwa mfano Malvan katika jimbo la Maharashtra, nyavu hunasa zaidi H. schistosus na H. curtus. Kwenye midomo ya mito ya Ghuba ya Bengal, penye mikoko na maji ya rangi ya chai ya maziwa, schistosus ndiye mwenyeji mkuu, kwa sababu chakula chake kikubwa ni hongwe, na hongwe wanapenda maji hayo hayo. Ukitaka kujua nyoka wa baharini yuko wapi, tafuta anachokula. Anayekula mikunga ya mashimoni atakuwa penye tope laini. Anayekula mikunga ya matumbawe, yaani Laticauda, atakuwa penye miamba, na lazima pawe na kisiwa karibu cha kupumzikia.

Huyo Laticauda colubrina unaanza kumpata upande wa mashariki wa Ghuba ya Bengal, kwenye visiwa vya Andaman, kisha Myanmar, Thailand, Malaysia, Indonesia, Ufilipino, Taiwan, visiwa vya kusini vya Japani, hadi Papua New Guinea, Vanuatu na Fiji. Okinawa, katika visiwa hivyo vya kusini vya Japani, wako pia Laticauda semifasciata, ambao tangu zama za ufalme wa Ryukyu hukaushwa kwa moshi na kupikwa supu. Kisiwa cha Kudaka kinajulikana kwa kazi hiyo. Ufilipino, kisiwa kidogo cha Gato karibu na Cebu kilipata sifa kwa sababu ya uwindaji wa ngozi zao, uwindaji uliowapunguza sana.

Wapo pia wasiokaa baharini kabisa. Katika Ziwa Taal, kisiwa cha Luzon, yuko Hydrophis semperi anayeishi kwenye maji baridi. Katika Tonle Sap, ziwa kubwa la Kambodia, wamewahi kupatikana H. torquatus. Kwa hiyo mtu akikuambia "hapa ni mtoni, hawafiki", usimwamini moja kwa moja.

Na mipaka? Bahari ya Atlantiki hawamo. Upande wa kusini magharibi mwa Afrika unapita mkondo wa baridi wa Benguela, na nyoka hawa wanahitaji maji ya joto; chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi, platurus hashindi muda mrefu. Upande wa Amerika, shingo ya nchi ya Panama ilikuwa imeshafunga njia walipofika huko. Bahari ya Shamu nayo hawana makazi.

Pwani ya Afrika Mashariki tunaye mmoja tu, huyo Hydrophis platurus, mweusi mgongoni na njano tumboni. Ndiye nyoka aliyeenea kuliko nyoka wote duniani: kutoka kwetu hadi magharibi mwa Amerika ya Kati. Ameweza kwa sababu hana haja ya tope wala mwamba. Anaelea juu ya bahari kuu, akisubiri samaki wadogo wanaokimbilia kivuli chake wakidhani ni gogo.

Hatua ya 3: Kagua mwili, ukianzia nyuma

Ukiwa mbali kwa usalama, meta mbili au zaidi, tazama mkia. Nyoka wa baharini, awe Hydrophis au Laticauda, ana mkia bapa uliosimama wima kama kasia. Mkia wa duara unaochongoka ni wa nyoka wa nchi kavu anayeogelea, na wapo wengi wanaojua kuogelea, au ni wa nyoka wa mikokoni kama Cerberus wa Asia, mwenye sumu hafifu.

Mkia ukiwa umejificha, tafuta pezi. Nyoka hana pezi lolote, wala mgongoni wala shingoni. Mkunga ana pezi, hata likiwa jembamba kama uzi, na ana kitundu cha tamvua. Ngozi ya mkunga ni laini na inateleza. Nyoka ana magamba yanayoonekana hata kwenye picha ya simu ukiivuta. Nyoka hutoa ulimi wenye panda. Mkunga hufungua na kufumba mdomo kila mara, si kwa hasira, bali kwa kupitisha maji matamvuani.

Jaribio ninalolipenda ni la subira: kaa umtazame. Nyoka, awe nani, lazima atapanda kupumua. Kwa kawaida ni ndani ya nusu saa, ingawa aweza kuchelewa zaidi. Mkunga hapandi.

Ukishajua ni nyoka, tazama tumbo. Magamba mapana kama ngazi: Laticauda. Magamba madogo au mstari mwembamba tu: jamaa za Hydrophis.

Hatua ya 4: Sasa rangi na umbo, kwa wale utakaokutana nao zaidi

Hydrophis schistosus. Huyu mkariri. Ni wa kijivu, pingili zake zimefifia na uzeeni hupotea kabisa, kwa hiyo hana urembo wa kukushtua. Alama yake ni mdomo: gamba la mbele la mdomo wa juu limeshuka kama mdomo wa kasuku na kuukumbatia ule wa chini. Yuko kuanzia Ghuba hadi kusini mashariki mwa Asia, penye tope, mikoko na midomo ya mito, yaani pale pale watu wanapotembea majini wakivuta juya. Daktari Alistair Reid, aliyefanya kazi Penang, alifuatilia wagonjwa 101 walioumwa na nyoka wa baharini kaskazini magharibi mwa Malaya kati ya 1957 na 1964. Zaidi ya nusu waliumwa na huyu, na katika vifo 8, vifo 7 vilikuwa vyake.

H. curtus. Mfupi, mnene, kichwa kikubwa, magamba yenye pembe sita, na madume wana miiba midogo kwenye magamba ya chini. Ndiye anayejaza sana nyavu za kukokota.

H. cyanocinctus. Mrefu, rangi ya njano au zeituni na pingili za bluu nyeusi. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba juu ya kichwa chake kuna mtandao mnene wa mishipa ya damu unaomsaidia kuvuta oksijeni ya majini kuelekea ubongo.

H. spiralis ndiye mrefu kuliko wote, hukaribia meta tatu. H. gracilis ana kichwa kidogo kama ncha ya penseli na shingo nyembamba, huku sehemu ya nyuma ikiwa nene. Kichwa hicho ni cha kuingizia kwenye mashimo ya mikunga. Watu humdhania nyoka mchanga na kumshika. Asishikwe.

Aipysurus eydouxii, wa maji ya tope ya kusini mashariki mwa Asia, nampenda kwa upole wake. Anakula mayai ya samaki tu. Kwa kuwa yai halikimbii, sumu yake imepoteza nguvu na chonge zake zimedhoofika vizazi kwa vizazi.

Laticauda colubrina: bluu ya kijivu, pingili nyeusi, mdomo wa juu wa njano. Jike ni mkubwa kuliko dume. Na platurus nimeshamtaja. Ongeza tu mkia mweupe au wa njano wenye madoa meusi, ambao ukishauona hutamchanganya na mwingine.

Hatua ya 5: Ukiwa chomboni

Wanaoumwa wengi ni wavuvi, na wengi huumwa wakichambua nyavu. Mpangilio wa kazi ndio unaookoa.

Kabla ya kuvuta, hakikisha taa inamulika sitaha na kila mtu amevaa gambuti. Wavu ukimwagwa, asiingize mtu mkono kwenye rundo. Tawanya samaki kwa reki au ubao, mtazame aliye na mkia bapa, kisha mwondoe kwa upondo wenye kulabu au koleo refu. Muinue katikati ya mwili, mtoe nje ya ubavu wa chombo, mwache ateleze. Usimshike mkia ukamning'iniza. Baadhi yao, hasa H. stokesii mnene, wanajipinda mpaka wakaufikia mkono. Na usimhesabu kuwa amekufa kwa sababu hachezi. Nyoka aliyekatwa kichwa huweza kuuma bado kwa muda.

Aliyenasa kwenye jarife ni kazi ngumu zaidi. Kata nyuzi mbili tatu za wavu. Wavu hushonwa.

Naomba niseme neno hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba boti za ngisi za Vietnam zilikuwa zikitoa katika Ghuba ya Thailand zaidi ya tani 80 za nyoka wa baharini kwa mwaka, kama nyoka 225,000, kwa ajili ya chakula, pombe ya dawa na ngozi. Nyoka hawa huzaa watoto wachache na mimba huchukua miezi. Samaki hutaga mayai kwa maelfu. Nyoka hana hesabu hiyo. India huwalinda kisheria chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972. Ukiwa kwenye boti ambayo hakuna anayemhitaji, kumrudisha baharini akiwa hai kunakuchukua nusu dakika.

Ukisafiri bahari kuu na kuona mstari mrefu laini juu ya maji, uliokusanya povu, majani na magogo, jua kwamba hapo ndipo mikondo inapokutana, na platurus hukusanyika hapo, wakati mwingine kwa maelfu. Usinawe mikono wala kuchota maji kwa ndoo kwenye mstari huo.

Hatua ya 6: Ukizamia au ukiwa ufukweni

Mzamiaji anayemwona nyoka wa baharini kwa mbali hana sababu ya kuhofu. Akikufuata, tulia. Watafiti wa Australia walichambua matukio 158 ya nyoka wa zeituni, Aipysurus laevis, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kwamba wengi waliowaendea wazamiaji walikuwa madume wakati wa kujamiiana, waliomdhania mtu kuwa jike. Ukimpiga teke na kukimbia, unafanya kile ambacho jike hufanya, naye atakufukuza. Simama wima majini, mwache akulambelambe kwa ulimi, ataridhika na kwenda zake. Usizibe njia yake ya kupanda. Ameishiwa pumzi na anataka hewa.

Kwenye visiwa vidogo vya Sabah (Malaysia), Thailand au Ufilipino, usiku tumia tochi, kung'uta viatu asubuhi, na angalia ngazi za gati kabla ya kuzishika. Laticauda hupanda humo, zaidi baada ya mvua, akitafuta maji ya kunywa. Mara nyingi ni mpole kiasi cha kusikitisha, watoto humshika shingo wakapige picha. Sumu anayo. Na kumbeba kwenda kumtupa kisiwa cha pili hakusaidii: majaribio yaliyofanywa Fiji yalionyesha wanarudi kisiwani kwao.

Platurus aliyetupwa mchangani baada ya upepo mkali hawezi kurudi mwenyewe, na kwa kawaida ni mgonjwa au amechoka vibaya. Usimsukume majini kwa mguu. Weka watoto na mbwa mbali, wajulishe wahusika wa bahari au wanyamapori.

Hatua ya 7: Akikuuma

Soma sehemu hii leo, siyo siku ya tukio.

Jeraha lenyewe litakudanganya. Chonge ni fupi, za milimita chache, na kuuma hakuumi sana. Wengine hudhani wamekwaruzwa na mwiba wa samaki. Uvimbe huwa mdogo au haupo. Tena mara nyingi nyoka haingizi sumu ya kutosha: katika wagonjwa wale wa Reid, kama asilimia 80 hawakudhurika au walidhurika kidogo sana. Lakini huwezi kujua uko kundi lipi mpaka muda upite, kwa hiyo kila aliyeumwa anatendewa kama ameingiwa na sumu.

Mtoe majini, mlaze, mkataze kutembea. Anza papo hapo kufunga kiungo kilichoumwa kwa bendeji pana inayovutika, au kitambaa cha kanga kilichochanwa: funga penye jeraha, kisha rudia kuanzia vidoleni kupanda hadi juu kabisa ya kiungo. Kaza kama unavyokaza kifundo kilichoteguka. Vidole vikibadilika rangi na kupata ganzi, umekaza mno. Weka banzi, ubao au kasia, ili kiungo kisicheze. Andika saa. Bendeji isifunguliwe njiani, itafunguliwa hospitalini.

Usikate. Usifyonze. Usifunge kamba ya kuzuia damu. Usimpe pombe. Jiwe la nyoka, lile jeusi ambalo wengi wetu tumekua tukiliona majumbani, halivuti sumu hii, na kila dakika unayolisubiri ni dakika ya hospitali uliyoipoteza.

Dalili huanza kati ya nusu saa na saa kadhaa. Misuli huuma mwili mzima, shingo hukakamaa, taya hukaza, kope huanguka, ulimi huwa mzito. Kisha mkojo huwa wa kahawia kama chai kavu. Sumu hii hupooza mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, na pia huivunjavunja misuli yenyewe. Mabaki yake huziba figo, na potasiamu inayomwagika kwenye damu huweza kuusimamisha moyo. Ukiona anashindwa kupumua, mpulizie hewa mdomoni na usikate tamaa. Kupooza huku hupona, na mtu aliyepuliziwa hewa kwa saa nyingi anaweza kuamka mzima.

Hospitalini sema waziwazi: "Ni nyoka wa baharini." Dawa ya kuzuia sumu inayotengenezwa Australia kwa sumu ya H. schistosus husaidia dhidi ya spishi nyingi. Dawa ya kawaida ya India imetengenezwa kwa nyoka wanne wa nchi kavu, hivyo usikubali kuambiwa kwamba dawa ya nyoka ni moja. Pasipo na dawa hiyo, mashine ya kupumulia, maji ya mishipani, kupima mkojo na potasiamu, na kusafisha damu figo zikishindwa, vyaweza kumvusha. Nahodha afahamu mapema ni bandari gani kati ya zile atakazopita ina hospitali yenye mashine hizo. Hilo huulizwa kabla ya kung'oa nanga. Na mtu asiachwe alale chomboni kwa kuwa "hasikii kitu". Asubuhi huwa amechelewa.

Hatua ya 8: Andika ulichokiona

Wataalamu wanaochora ramani za nyoka hawa wanategemea sana macho ya watu wa baharini. Piga picha tatu ukiwa mbali: mkia, kichwa kwa ubavu, mwili mzima. Andika tarehe, saa, mahali kwa GPS, kina, aina ya chini ya bahari, upepo ulikuwa wa kusi au wa kaskazi, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Unaweza kuiweka kumbukumbu hiyo kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako wajuzi hukusaidia kumpa jina.

Kwa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwa vyote, akiwa mweusi wa tumbo la njano mpige picha na uandike, maana ni mgeni wa bahari kuu na kila habari yake ina thamani. Akiwa wa pingili nyeusi na nyeupe, chuchumaa mbali kidogo umtazame mgongoni. Utaliona pezi.